Jinsi ya kupiga na kusafisha mkanda wa sinema ukiwa hapa hapa Dar

Wakuu, hii ni kwa wale ambao bado mnapiga kamera za mkanda hapa Dar, au mmekuta kamera ya mzee kabatini mnataka kuianzisha. Ntaandika kirefu kwa sababu watu wanauliza vipande vipande, mara mkanda unapatikana wapi, mara nani anasafisha (yaani kutoa picha kwenye mkanda kwa dawa), mara kwa nini bei imepanda hivi, na kwangu mimi jibu la yote hayo linaanzia sehemu moja: mkanda wa sinema. Mkanda wa Kodak tunaotia kwenye kamera za picha za kawaida upo mpaka leo kwa kiasi kikubwa kwa sababu kuna watu bado wanapiga sinema kwa filamu. Ukilijua hilo, kuamua ununue nini na usafishe vipi kunakuwa rahisi.

Piga hesabu hii. Kamera ya sinema ya milimita 35 inapiga picha 24 kila sekunde, na kwa mpangilio wa kawaida inakula futi 90 za mkanda kwa dakika moja. Mkanda wako wa picha 36 una kama futi 5 na nusu tu. Yaani dakika moja ya sinema ni mikanda yako 16. Ile mashine ya kupaka dawa kwenye mkanda pale kiwandani Kodak, mji wa Rochester, Marekani, haiwezi kuwashwa kwa oda ya watu wachache wanaopiga picha za harusi na mitaa, inataka oda kubwa. Mwaka 2006 Kodak waliuza futi bilioni 12.4 za mkanda wa sinema, 2014 ikakadiriwa kushuka mpaka milioni 449, na katikati hapo, Januari 2012, kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Fujifilm nao kufika 2013 wakaacha kutengeneza mkanda wa kupigia sinema. Kilichosaidia ni waongozaji wa sinema kina Christopher Nolan, Quentin Tarantino, J.J. Abrams na Judd Apatow kuwabana wakubwa wa studio za Hollywood mpaka Februari 2015 studio sita kubwa zikawa zimekubaliana na Kodak kuendelea kununua, na 2020 makubaliano yakaongezwa. Oda hizo ndo zimeacha mashine inawaka, na mashine zinazopaka mkanda wa sinema ndo zinapaka na ule wa picha za kawaida. Kwa hiyo kila anayepiga sinema kwa filamu anatusaidia sisi, na sisi tukinunua mkanda wa sinema tunairudisha hela kule kule inakohitajika.

Na usiogope kwamba mkanda wa sinema hautaingia kwenye kamera yako. Kamera yako ndo ilitengenezwa kwa ajili yake. Oskar Barnack, aliyebuni kamera ya Leica, alichukua mkanda wa sinema wa milimita 35 akaupitisha kwa ulalo, fremu ikawa na matundu 8 badala ya manne ya sinema, na Leica ilipoingia sokoni 1925 kipimo hicho ndo kikabaki mpaka leo. Matundu ya negativu ya sinema yana umbo tofauti kidogo na ya mkanda wa dukani ila kwenye kamera yanapita bila shida.

Sasa ununue upi. Kwa anayeanza nasema bila kusita, Kodak Double-X, namba yake 5222. Ni nyeusi na nyeupe, ipo tangu 1959, ISO (kipimo cha wepesi wa mkanda kukamata mwanga) ni 250 kwenye jua na 200 kwenye taa za njano, na unaweza kuisafisha jikoni kwako. Ndo hiyo hiyo ambayo Kodak waliitengeneza kwa upana wa milimita 65 kwa ajili ya sinema ya Oppenheimer ya 2023, kwa hiyo sio mkanda wa kujifunzia tu, ni mkanda wa kazi. Ukitaka rangi kuna familia ya Vision3: 50D, 250D, 200T na 500T. Zenye D zimepimwa kwa mwanga wa jua, zenye T kwa balbu za njano. Jua la Dar la saa sita mchana linataka 50D, 250D inafaa kwa karibu kila kitu, na 500T ni ya usiku, Kariakoo taa zikishawaka, mabanda ya chipsi, vituo vya daladala. Ukiipiga 500T mchana weka filta ya chungwa namba 85 na ihesabu kama ISO 320, la sivyo picha nzima itaenda bluu.

Ila hapa simama kidogo usome vizuri, maana pana hasara ya watu wengine. Vision3 kwa miaka yote imekuwa na tabaka jeusi mgongoni linaitwa remjet, ni masizi ya kaboni kabisa, yamewekwa ili mwanga usirudi nyuma kwenye picha, mkanda usichubuke na usitoe cheche za umeme unapokimbia kwenye kamera ya sinema. Mkanda wenye remjet USIPELEKE studio ya kawaida ya kusafisha picha. Masizi yatamwagika kwenye dawa na kwenye rola za mashine, yataharibu mikanda ya wateja wengine, picha za harusi ya mtu, na fundi wa watu atabaki na mashine chafu. Kuanzia 2025 Kodak wameanza kutoa Vision3 isiyo na remjet, ila mikanda ya zamani bado imejaa sokoni, kwa hiyo kabla hujanunua uliza ni ya aina gani. Na hata hiyo isiyo na remjet, dawa yake halisi sio ile ya studio za kawaida, ukiilazimisha humo picha inatoka lakini rangi zinakuwa kali na zinayumba.

Kuhusu kuupata, njia ya nafuu ni kununua kopo zima badala ya mkanda mmoja mmoja. Kopo la mita 30 linatoa kama mikanda 18, la mita 122 linapita 70. Mtu mmoja hilo kubwa linamwelemea, kwa hiyo fanyeni kama upatu, watu sita au kumi mnachanga, anayesafiri analeta, mnagawana. Kuna pia mabaki ya mikanda kutoka kwenye sinema kubwa, vipande ambavyo havikupigwa, vinauzwa rahisi zaidi ila muulize muuzaji vilihifadhiwa wapi na kwa muda gani. Anayebeba asiweke mkanda kwenye begi la kuingia tumboni mwa ndege hata kidogo, abebe mkononi na aombe kwa adabu ukaguliwe kwa mkono, zile mashine mpya za CT zinaunguza mkanda hasa wenye ISO kubwa.

Mkanda ukifika, friji. Joto la nyuzi 13 au chini ya hapo, ndani ya kontena lisilopitisha hewa, na kwa hapa kwetu hewa ya bahari ni adui kuliko hata joto. Ukiutoa kwenye friji usiufungue palepale, uache ndani ya kontena lake mpaka ufikie joto la chumba, kopo kubwa liache masaa kadhaa, vinginevyo matone ya maji yanajikusanya juu ya dawa. Umeme ukikatika sana mtaani kwako weka chupa mbili tatu za maji yaliyoganda pamoja nao, zinashikilia ubaridi usiku mzima.

Kuviringisha mkanda kwenye makopo madogo fanya usiku au alfajiri. Sio kwa sababu ya giza tu, ni jasho. Mchana wa Januari ukiingiza mikono kwenye mfuko mweusi baada ya dakika chache vidole vimelowa, na alama ya kidole chenye jasho kwenye upande wa dawa haitoki. Mimi nashauri chumba kisicho na dirisha, blanketi mlangoni, taulo pembeni, feni imezimwa ili vumbi litulie. Kama huna kifaa cha kuviringishia, gonga misumari miwili midogo ukutani umbali wa mita 1.6, gizani unapapasa kutoka msumari mpaka msumari, unakata, unabandika kwa selotepu kwenye kijiti cha kopo, unaviringa ukishika pembeni tu. Andika aina ya mkanda juu ya kila kopo pale pale unapotoka, maana makopo yote yanafanana.

Kupiga sina mengi, mkanda ni mkanda. Jua kali la wazi na Double-X, apacha (tundu la lenzi) 16 na shata 250, yaani sehemu moja ya 250 ya sekunde, inatosha. Tatizo la Dar ni tofauti kubwa ya jua na kivuli. Nenda pale Feri upande wa wakaanga samaki uone, nje jua linaumiza macho, chini ya paa ni giza na moshi, na sura ya mtu unayemtaka ipo humo kwenye moshi. Pima mwanga wa kivulini, kwenye sura yake, halafu acha nje kuwe kweupe. Negativu inavumilia mwanga kuzidi, haivumilii kupungua, kivuli kilichokosa mwanga hakina kitu cha kukirudisha.

Haya, kusafisha. Double-X unaweza kuisafisha kwa dawa yoyote ya nyeusi na nyeupe, D-76 au HC-110, ila hapa Dar kuzipata ni shughuli, kwa hiyo ntaeleza ile ya kahawa, inaitwa Caffenol, ambayo ilitokea darasani 1995 kwenye chuo cha RIT kilichopo mji ule ule wa Rochester. Inafanya kazi kweli, na kahawa bora kwake ni ile ya unga ya kuyeyuka, ya bei ya kawaida yenye robusta, sasa sisi tuna Africafé dukani kwa Mangi. Kwa lita moja ya maji unahitaji gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za unga wa vitamini C, gramu 40 za kahawa, na kwa mkanda wa ISO kama huu ongeza gramu 10 za chumvi ya mezani yenye madini joto, inazuia picha isiwe na ukungu wa kijivu. Pima kwa mizani ndogo ya kidijitali, sio kwa kijiko.

Sodiamu kaboneti ndo watu wanakwama. Magadi ya sokoni usitumie, yana mchanganyiko na uchafu, leo yatakupa picha kesho hayatakupa. Chukua soda ya kuokea, ile ya kawaida kabisa isiyo na hamira wala beking pauda, mimina gramu 100 kwenye sufuria ya STILI, sio ya alumini kwa sababu kaboneti inaila alumini, weka kwenye moto wa wastani ukikoroga. Utaona unga unaanza kuchemka kama maji na kurukaruka, ni mvuke na gesi vinatoka. Endelea mpaka utulie kabisa, acha upoe, pima. Ikibaki gramu 63 au karibu na hapo umemaliza, ikiwa zaidi rudisha motoni. Vaa miwani na usivute ule unga. Vitamini C tafuta ya unga mtupu kwenye maduka ya dawa makubwa, vile vidonge vya rangi ya chungwa vina sukari na vitu vingine.

Maji tumia ya chupa au yaliyochujwa, maji ya visima vingi hapa yana chumvi. Yeyusha kaboneti kwanza kwenye maji yenye uvuguvugu kidogo, halafu vitamini C, itatoa povu, halafu chumvi, mwisho kahawa. Harufu ni mbaya, fungua madirisha. Subiri kama dakika 5 mapovu yaishe, na uitumie ndani ya nusu saa, haikai. Joto lake la kitabuni ni nyuzi 20 kwa dakika 15, ila maji ya bomba Dar yanakuja 27 na zaidi, kwa hiyo unaweka chombo kwenye beseni na zile barafu za mfuko zinazouzwa mtaani. Usihangaike kufika 20, shusha mpaka 24 na safisha kama dakika 10 na nusu. Joto likipanda muda unapungua, hiyo ndo kanuni, na muhimu zaidi dawa zote na maji ya suuza yawe joto linalokaribiana. Tikisa tenki (kile chombo kisichopitisha mwanga ulimotia mkanda gizani) dakika nzima ya kwanza kwa kuligeuza taratibu, halafu mara tatu kila dakika. Mkanda wa kwanza usisafishe wote, kata kipande cha fremu tano sita gizani ujaribu, ukiona negativu ni nyepesi ongeza dakika moja, ukiona nzito punguza, kila jiko lina tabia yake.

Mwaga kahawa, suuza na maji mara tatu nne mpaka yatoke safi, halafu fiksa, dawa inayofanya picha ibaki isiharibiwe tena na mwanga. Fiksa haina mbadala wa jikoni, ni lazima iwe dawa yenyewe. Sodiamu thiosulfeti inatumiwa na wenye mabwawa ya samaki na ya kuogelea kuondoa klorini, gramu 250 za zile chembe kwenye lita moja inatosha. Tumbukiza kipande kidogo cha mkanda ambacho hakijasafishwa, hesabu muda mpaka kiwe angavu, na muda wa kufiksi ni mara mbili ya huo. Kuosha sio lazima umwage ndoo na ndoo: jaza tenki, geuza mara 5, mwaga, jaza, geuza mara 10, mwaga, jaza, geuza mara 20. Suuza ya mwisho ni maji ya chupa na tone moja la sabuni ya maji, ning'iniza bafuni kusiko na vumbi na kibanio cha nguo chini. Fiksa iliyochoka ina fedha halisi ndani yake, usiimwage mtaroni, iweke kwenye dumu na stili wuli ya kusugulia masufuria, fedha inashuka chini kama tope.

Vision3 ni kazi ya hatua ya pili na nasema uifanye kwa kundi, sio peke yako. Unahitaji kemikali inaitwa CD-3, gramu 4 kwa lita, pamoja na sodiamu salfaiti gramu 2, sodiamu bromaidi 1.2, kaboneti 25.6 na ile soda ya kuokea 2.7. Joto ni nyuzi 41.1 kwa dakika 3 na hapo hakuna kukadiria, nusu nyuzi inaonekana kwenye rangi, kwa hiyo beseni kubwa la maji ya moto na kipimajoto cha kweli. Baada yake kuna bafu la asidi la kusimamisha, blichi, fiksa. Vaa glavu, CD-3 inawasha ngozi vibaya. Remjet inatolewa mwanzoni kabisa: maji ya uvuguvugu, na nyuzi 27 za bomba letu ndo zile zile wanazotaka Kodak, yenye boraksi gramu 20 kwa lita, unamimina ndani ya tenki, unatulia kidogo, unatikisa kwa nguvu, unamwaga. Maji yanatoka meusi tii. Unarudia na maji matupu mpaka yawe safi, na mwisho kabisa baada ya kuosha unapitisha sponji laini iliyolowa mgongoni mwa mkanda, mgongoni tu, upande wa dawa usiguse, kutoa madoa yaliyobaki.

Nakuja kwenye lile ambalo linanikaa moyoni zaidi. Bongo muvi zilikua kwenye video, na video za muziki sasa hivi karibu zote ni kidijitali, sawa, lakini vijana wanaotoa video hapa mjini wana bajeti za nguo, magari na droni, sehemu moja tu ya ile hela inatosha kupiga kipande kwa filamu. Kaka au dada mwongozaji, anza na Super 8, kamera ndogo ya sinema ya mkanda wa milimita 8. Katriji moja ina futi 50, dakika 2 na nusu kwa picha 24 kwa sekunde. Kamera zake nyingi zinatumia betri za kawaida za duka. Usipigie vipande vya kuimba, kamera za zamani mwendo wake hauko sawasawa na mdomo utaachana na wimbo, pigia vile vya kutembea, kivukoni, utotoni, bibi anasonga ugali, mambo ya kumbukumbu. Ukitaka kupanda, kamera ya Bolex ya milimita 16 inajazwa kwa mkono kama saa, haihitaji umeme wowote, unapata karibu nusu dakika kwa kila ujazo, na futi 100 ni kama dakika 2 na sekunde 45. Fanyeni mazoezi ya tukio mpaka liive ndo muwashe kamera. Negativu peleka maabara ya nje isafishwe na iskaniwe, iandike kwa nje kwamba ni filamu isiyosafishwa isipite X-ray, na usikae nayo miezi, picha iliyopigwa ikikaa kwenye joto inafifia kabla haijasafishwa. Na kwenye maelezo ya video andika kabisa kwamba imepigwa kwa filamu na ni mkanda gani, mwongozaji mwingine akisoma atauliza.

Negativu zikishakauka zikate sita sita, ziingie kwenye mifuko ya karatasi au ya plastiki isiyo na PVC, kontena lenye silika jeli, mbali na ukuta wa bafuni. Mkanda wa plastiki ya asetati ukikaa kwenye joto na unyevu unaanza kunuka siki na ugonjwa huo unahamia kwa jirani yake, kwa hiyo kama nyumbani kuna makopo ya zamani ya mzee yafungue unuse, yenye harufu ya siki yatenge peke yake na yaskaniwe mapema, yasiyo na harufu yaweke pamoja na yako, kila mfuko na tarehe, mahali na namba ya mkanda.